Maswali ya Wasomaji: Gudi, Magati na Manowari za Kilindini

Katika toleo lililopita tulitaja, kwa kupita tu, kwamba Mbaraki, Liwatoni, Kilindini na Mtongwe ni mitaa iliyokuzwa na meli za vita na watu wanaozitengeneza. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua saba. Nyingine zilikuwa zikiuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, na wenyewe watajikuta wamejibiwa humuhumu.

Mhariri, salaam. Hapa kwetu Likoni pana ubishi wa barazani usiokwisha. Wenzangu wanashikilia kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa na kiwanda kizima cha manowari Kilindini, sawa na vile vya kwao Portsmouth. Mimi nasema walikuja kutia nanga tu. Ni nani mkweli?
*Msomaji, Likoni*

Ukweli umeelemea upande wako, bwana, ila usiwacheke wenzako mapema. Mtu aliyesimama Likoni mwaka 1942 akaona meli za vita zikipishana mlangoni mwa bandari asingelaumiwa kwa kudhani kwamba makao makuu ya wanamaji wa Uingereza yamehamia Mombasa. Kwa muda wa mwaka mmoja na ushei, makao ya kikosi chao cha Mashariki kwa hakika yalikuwa yamehamia.

Chanzo kilikuwa mbali na hapa. Tarehe 15 Februari 1942 Wajapani waliiteka Singapore, pamoja na gudi (mahali pa kutengenezea meli) kubwa ya King George VI ambayo Waingereza walikuwa wameifungua mwaka 1938. Kikosi cha Mashariki cha wanamaji wa Uingereza kikabaki kikitegemea Ceylon (Sri Lanka ya leo), nako hakukukalika. Tarehe 5 Aprili ndege za Wajapani ziliishambulia Colombo, na siku hiyohiyo zikazizamisha baharini manowari Cornwall na Dorsetshire. Tarehe 9 ikawa zamu ya Hermes, meli ya kubebea ndege. Amiri James Somerville, aliyekiongoza kikosi hicho, akaona kwamba manowari zake nne kongwe, yaani Resolution, Ramillies, Royal Sovereign na Revenge, hazifai kukaa mahali ambapo adui angezifikia kwa urahisi, akazipeleka Kilindini. Hazikuletwa kupumzika. Bahari ya Mediterania ilikuwa haipitiki kwa usalama, kwa hiyo askari, risasi na vifaru vilivyokwenda kwa majeshi ya Uingereza kule Misri vilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupanda kaskazini kwa kupitia bahari hii yetu. Njia hiyo ingekatwa, vita vya jangwani vingekwisha kwa njaa ya silaha.

Kilindini ilikuwa na mambo matatu yaliyowavutia. La kwanza ni magati ya maji marefu, ambayo yalianza kutumika mwaka 1926. La pili ni nafasi: nyuma ya mlango mwembamba wa bandari maji hutanuka na kuingia ndani hadi Port Reitz, na meli nyingi huweza kutia nanga humo zikiwa zimekingwa na mawimbi ya bahari kuu. La tatu ni uwanja wa ndege wa Port Reitz, huu ambao leo ni Uwanja wa Kimataifa wa Moi, ambapo ndege za wanamaji ziliweza kutua meli zao zikiwa bandarini. Ofisi, ghala na makazi ya nchi kavu viliunganishwa chini ya kituo kimoja kilichoitwa HMS Tana, kwa desturi ya Waingereza ya kukipa kituo cha ardhini jina kama la meli.

Kilichokosekana ni kile kinachokifanya kituo kiitwe kiwanda cha manowari: gudi kavu yenye uwezo wa kupokea meli kubwa ya vita. Gudi kavu ni shimo lililochimbwa ukingoni mwa maji na kujengewa kuta, lenye lango upande wa bahari. Meli huingia maji yakiwa yamejaa, lango hufungwa, pampu huanza kunyonya, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo meli inavyoshuka taratibu na kukalia magogo yaliyopangwa chini sawasawa na mkuku wake, yaani uti wa chini wa meli. Kazi ya kupanga magogo hayo ni ya roho mkononi, kwa sababu gogo moja likikaa vibaya uzito wote hulalia mahali pamoja na bamba la chini hubonyea. Meli ikishakaa, mafundi hushuka ngazi hadi sakafuni na kuikuta imesimama juu yao yote nzima, ikichuruzika maji, na chaza na mwani wa miaka umeganda tumboni mwake. Hapo ndipo kutu hugongwa, mabamba mabovu hukatwa, rafadha na usukani hufunguliwa.

Manowari yenye tani karibu 30,000 haikuwa na pa kuingia Mombasa. Ushahidi ni Ramillies yenyewe. Tarehe 30 Mei 1942 ilipigwa kombora na nyambizi ndogo ya Wajapani ikiwa Diego Suarez, kaskazini ya Madagaska. Kilindini ilikuwa karibu zaidi, lakini meli ile iliyojeruhiwa ilikokotwa na nahodha wake hadi Durban, kwenye gudi ya Prince Edward iliyokuwa ikitumika tangu 1925. Kwa hiyo ningesema Kilindini ilikuwa kituo cha manowari chenye karakana, na wala si kiwanda. Meli ndogo zilitengenezwa hapa na kubwa zilipigwa viraka hapa, lakini ugonjwa mkubwa ulipelekwa kusini.

Kikosi kilirudi Ceylon mwaka 1943, ingawa shughuli hazikukoma. Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli za askari uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Mojawapo ya meli hizo, Khedive Ismail, ilizamishwa tarehe 12 na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives, na watu 1,297 wakafa, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wa kike. Katika mambo yote yaliyotoka kwenye bandari hii wakati wa vita, hilo ndilo kubwa kuliko yote, na la ajabu ni kwamba husikii likizungumzwa barazani.

Kwako mwandishi. Sisi wa Mji wa Kale tumekua tukiambiwa kwamba bandari ilikuwa kwetu, kisha Waingereza wakaihamishia upande wa pili ili kutukomoa. Naomba maelezo.
*Msomaji, Mji wa Kale*

Bandari haikuhamishwa kwa kukomoana, ingawa waliopoteza walipoteza kweli. Mlango wa Bandari ya Zamani ni mwembamba na umezungukwa na miamba, na ndani yake nafasi ya kugeuza meli ndefu ni ndogo. Kwa jahazi linalosukumwa na Kaskazi kutoka Uarabuni au Bara Hindi hilo halikuwa tatizo, na kwa ngome ilikuwa ni faida, ndiyo sababu Wareno wakaijenga Fort Jesus pale mwaka 1593. Hata hivyo bandari hiyo ilishawameza wenyewe. Manowari yao Santo António de Tanná, iliyojengwa Bassein kule Bara Hindi, ilikuja wakati ngome imezingirwa na Waomani, ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Mabaki yake yalichimbuliwa na wapiga mbizi wa elimukale kati ya 1977 na 1980, na baadhi ya vitu vyake vimo katika jumba la makumbusho la ngome.

Upande wa pili wa kisiwa nao haukuwa pori. Wakilindini, ambao pamoja na Watangana na Wachangamwe ndio Thalatha Taifa, walikuwa na mji wao huko kabla ya kuja kukaa karibu na ndugu zao wa Tisa Taifa. Manahodha wa Kiingereza waliyajua maji hayo mapema vilevile. Mwaka 1824 Kapteni William Owen wa manowari Leven alikubali ombi la Mazrui, watawala wa Mombasa, la kulindwa dhidi ya Seyyid Said, akamwacha hapa Luteni Reitz kuwa msimamizi. Reitz alikufa mwaka huohuo, ulinzi wenyewe ukafutwa 1826, na kilichobaki ni jina lake kwenye ramani: Port Reitz.

Kilichogeuza mambo ni reli. Bamba la kwanza la reli ya Uganda lilitandikwa tarehe 30 Mei 1896, na vyuma, mataruma na vichwa vya treni vilivyoletwa na meli za moshi vilihitaji mahali pa kushukia penye maji marefu na ardhi tambarare. Mahali hapo palikuwa Kilindini. Kwa miaka mingi baada ya hapo mji uliishi na migongo miwili: forodha na maduka yalikuwa upande wenu, meli kubwa zikawa upande ule, na katikati palipita vigari vidogo juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu kwa miguu, mabwana wameketi chini ya kijipaa cha turubai. Meli za Kilindini nazo zilikaa mbali na ufuko na kupakuliwa kwa matishari. Magati mawili ya kwanza ya maji marefu yalipokamilika 1926 na kufuatiwa na mengine, biashara ya meli kubwa ikakata mguu Mji wa Kale.

Lakini nisingekubali mtu aseme kwamba mafundi wa meli wa Mombasa walianzia Kilindini. Kabla ya gudi yoyote ya saruji, gudi ya mji huu ilikuwa ufuko wenyewe na maji kupwa na kujaa. Tofauti ya maji hapa wakati wa bamvua hupita mita 3, na hiyo inatosha kufanya kazi ya pampu bila pampu. Chombo huletwa ufukoni maji yakiwa yamejaa, huegemezwa kwa magogo mbavuni, na bahari ikitoka hubaki kimesimama mchangani. Hapo mafundi huwa wanashindana na saa. Kalafati huingiza pamba iliyolowekwa mafuta kati ya ubao na ubao, akiigongomea kwa patasi butu, na sikio lake ndilo kipimo, maana mlio wa nyundo hubadilika pamba inaposhiba. Sehemu inayokaa majini hupakwa deheni, yaani shahamu na chokaa, kuzuia wadudu watoboao mbao, na sehemu ya juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake haitoki nguoni kwa kufuliwa mara moja. Kufikia maji yanaporudi, chombo kiwe tayari au la, kitaelea.

Shikamoo, mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Changamwe. Je, ni kweli kwamba Shule ya Allidina Visram ilikuwa ya majasusi?
*Mwanafunzi, Changamwe*

Marahaba, mwanangu. Neno majasusi limezidi kidogo. Waliokuwamo walikuwa wasikilizaji wa redio na wavunjaji wa siri za maandishi, na wengi wao hawakuwahi kumwona adui kwa macho.

Wanamaji wa Uingereza walikuwa na ofisi maalumu ya kunasa mawasiliano ya Wajapani. Ofisi hiyo ilianzia Hong Kong, ikahamia Singapore mwaka 1939, ikakimbilia Colombo mwanzoni mwa 1942, na baada ya mashambulizi niliyoyaeleza hapo juu ikafuata manowari hadi hapa Mombasa. Ilipewa jengo la shule hiyo inayotazama bahari, nalo likaitwa HMS Alidina. Kazi yao iliyozaa matunda zaidi ilikuja Septemba 1942, walipoifumbua siri ya JN-40, iliyotumiwa na meli za biashara za Japani. Tangu hapo waliweza kusoma meli gani inakwenda wapi ikiwa na shehena gani, habari ambayo kwa nyambizi ni sawa na kupewa anwani. Shida ya Mombasa ilikuwa umbali: mawimbi ya redio kutoka mashariki yalifika hapa yakiwa dhaifu, na mwaka 1943 ofisi ikarudishwa Colombo. Ukibahatika kuingia katika shule hiyo, angalia madirisha ya upande wa bahari na ujiulize ni jambo gani lililosikilizwa pale ambalo halikuandikwa popote.

Bwana Mhariri. Marehemu mume wangu alikuwa kuli wa Kilindini tangu ujana wake hadi alipostaafu. Mnaandika habari za maamiri na manahodha, lakini waliobeba mizigo yao hamwataji. Naye pia alikuwa mtu wa historia.
*Mama mmoja, Majengo*

Bibi, lawama hiyo tumeipokea. Tena naona kwamba habari za makuli ndizo zinazoeleza mtaa wa bandari kuliko habari za manowari, kwa kuwa manowari zilikuja zikaenda, na makuli walibaki.

Wengi wao katika miaka ya 1930 walikuwa vibarua wa siku. Alfajiri walikusanyika langoni, msimamizi akahesabu kichwa kulingana na meli zilizokuwapo, na waliobaki wakarudi nyumbani mikono mitupu. Siku ya meli nyingi mtu angefanya zamu mbili mfululizo, na wiki ya ukame angekopa unga dukani. Kodi ya chumba haikujua kama meli imekuja au haikuja. Ndiyo maana mgomo wa mwaka 1939, ulioanza mwishoni mwa Julai kwa wafanyakazi wa idara mbalimbali na kuwafikia wa bandari mwezi Agosti, ulikuwa juu ya nyumba kama ulivyokuwa juu ya mshahara. Serikali iliunda tume iliyoongozwa na Willan, nayo ikakiri kwamba hali ya makazi ilikuwa mbaya.

Kisha vita vikaja. Kazi iliongezeka maradufu, na bei za chakula na nguo zikapanda kwa kasi ambayo mshahara haukuifikia. Watu waliopakia makombora ya manowari kwa miaka ile ndio hao waliotulia wakahesabu walichopata vita vilipokwisha. Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ulisimama: bandari, reli, mahoteli, hata watumishi wa majumbani. Waligoma watu wapatao 15,000, na kwa siku 12 hivi hakuna kilichoshuka wala kupanda melini kwa utaratibu wa kawaida. Katika mgomo huo kilizaliwa chama cha African Workers Federation, na kiongozi wake, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huohuo akapelekwa kifungoni Kabarnet. Makuli waligoma tena Machi 1955, na safari hiyo Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alikuja kusuluhisha na nyongeza ya mshahara ikapatikana. Kutoka hapo mfumo wa kuokota vibarua langoni ukaanza kupungua nguvu na ajira ya kudumu ikaanza kushika.

Kama mume wako alikuwa kazini miaka hiyo, basi aliyaona mambo hayo kwa macho yake, pengine aliyatenda.

Naomba mniambie kambi ya wanamaji ya Mtongwe ilianza lini, na kwa nini iwe Mtongwe badala ya kisiwani.
*Msomaji, Mtongwe*

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa Desemba 1964, nchi ilipokuwa imetimiza mwaka mmoja wa uhuru. Halikuanza kwenye ardhi tupu. Tangu 1933 palikuwa na kikosi cha wanamaji wa hiari cha koloni hapa Mombasa. Mwaka 1950 mahali pake pakachukuliwa na kikosi cha pamoja cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ambacho kilivunjwa 1962 kwa sababu serikali zilizokuwa zikielekea uhuru hazikukubaliana kukigharamia. Kenya ilipoanza upya, makamanda wa kwanza walikuwa Waingereza. Mkenya wa kwanza kushika uongozi, J. C. J. Kimaro, aliupokea mwaka 1972.

Kuhusu mahali, jibu liko kwenye ramani. Ukingo wa kisiwa ulikwisha kujaa magati ya biashara na njia za reli, na manowari haipendi kufungwa kando ya meli ya mbolea. Mtongwe, ng'ambo ya maji, ina kina, imekingwa na upepo, na kutoka pale meli hufika mlangoni mwa bandari kwa mwendo mfupi.

Majina ya meli zilizokaa hapo yana utamu wake. Ya kwanza, iliyotoka kwa Waingereza, iliitwa Nyati. Mwaka 1966 zikaja Simba, Chui na Ndovu, na 1974 Mamba. Mbuga ilipokwisha, zikaingia Madaraka, Jamhuri na Harambee mwaka 1975, na mwishoni mwa miaka ya 1980 zikafuata Nyayo na Umoja. Anayetaka kujua siasa za nchi katika miongo ile anaweza kuzisoma ubavuni mwa meli bila kufungua gazeti.

Manowari za wageni hazikuacha kuja. Kati ya 1966 na 1975 meli za Uingereza zilizolinda bandari ya Beira kule Msumbiji, kuzuia mafuta yasiifikie Rhodesia (Zimbabwe ya leo), zilikuwa zikija Mombasa kupumzisha mabaharia wao, na mwaka 1980 Kenya ilitia saini mkataba wa kuwaruhusu Wamarekani kutumia bandari na viwanja vya ndege vyake. Wenye baa za barabara ya Kilindini wataeleza sehemu hiyo ya historia vizuri kuliko mimi.

Jambo ambalo lilichukua muda mrefu zaidi ni lilelile lililoikosesha Kilindini hadhi ya kiwanda wakati wa vita. Gudi kavu ya kampuni binafsi upande wa Mbaraki imetengeneza meli za biashara, za uvuvi na vivuko kwa miongo mingi, lakini Nyayo na Umoja zilipohitaji matengenezo makubwa zilipelekwa Italia. Mwaka 2020 serikali iliunda shirika la Kenya Shipyards, lililo chini ya wizara ya ulinzi, likiwa na viwanja viwili vya kazi, kimoja Kisumu na kingine hapo kwenu. Cha Mtongwe kinategemea chelezo, yaani mteremko mpana unaoshuka hadi majini: chombo huvutwa kupanda juu badala ya maji kutolewa chini yake. Yule bwana wa Likoni aliyeuliza juu ya kiwanda cha manowari anaweza kuwaambia wenzake kwamba kipo, ila wamekosea miaka themanini na upande wa maji.

Mtongwe haitajwi, lakini, bila kivuko chake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyokuwa ikitoka hapo kwenda kisiwani ilipinduka hatua chache kutoka ufukoni, na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini asubuhi. Huduma ilisimama kwa muda mrefu. Daraja la kuelea la miguu kati ya Liwatoni na Ras Bofu, lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021, lilipunguza msongamano wa kivuko cha Likoni, bali kwa watu wa Mtongwe yenyewe halikuleta tofauti kubwa.

Ule mnara wa mawe wa Mbaraki ulijengwa na wanamaji kuongozea meli?
*Msomaji, Tudor*

Hapana. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na Waswahili, una uwazi ndani, na uko kando ya msikiti wa kale. Ulikuwapo mamia ya miaka kabla ya gati la kwanza la maji marefu. Watu huupelekea marashi na ubani hadi leo.

Nina kipande cha babu yangu, ndani ya kikasha cha bati chenye kutu. Nataka kujua kama alifanya kazi kwa wanamaji wa Uingereza. Nianzie wapi?
*Msomaji, Kisauni*

Anza na kipande chenyewe, yaani hicho cheti cha kazi cha enzi ya ukoloni, ndugu, na usikifungue kwa nguvu. Karatasi iliyokaa miaka mingi ndani ya bati kwenye unyevu wa pwani hugandana kwenye mikunjo, na ukiivuta itakatika hapohapo penye maandishi. Iweke mahali pakavu penye kivuli kwa siku kadhaa, kisha ifunue mkunjo mmoja mmoja.

Sheria ya kipande ilianza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza na kudumu hadi miaka ya 1940. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kutembea nacho, na waajiri ndio waliokijaza, kwa hiyo bila kukusudia wametuachia rekodi. Juu utaona jina, kabila, wilaya na alama za vidole. Chini pana safu za mwajiri, aina ya kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha na mshahara. Tafuta miaka ya 1942 na 1943. Kama mwajiri ameandikwa kwa herufi H.M.S. au R.N., au kama muhuri una nanga na taji, babu yako alikuwa mikononi mwa wanamaji. Kama ameandikwa K.U.R. & H., alikuwa wa shirika la reli na bandari, ingawa huenda mizigo aliyoibeba ilikuwa ya manowari. Na kama safu zimejaa majina mengi mafupimafupi ya makampuni ya kupakua meli, basi alikuwa kibarua wa kuhamahama, na hapo tarehe zitakusaidia kuliko majina.

Ukishapata mwajiri na tarehe, hifadhi ya nyaraka za taifa iko Nairobi, katika barabara ya Moi, na ina majalada ya utawala wa mkoa wa Pwani. Peleka picha ya kipande, kipande chenyewe kiache nyumbani. Kisha nenda makaburi ya Mbaraki, ambako baadhi ya waliokufa katika vita hivyo wamezikwa chini ya mawe ya tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola. Meli walizotumikia zimeandikwa juu ya mawe hayo, na unaweza kuzilinganisha na miaka uliyoipata. Ukiwa na muda, pitia pia Fort Jesus. Mizinga miwili ya Vita vya Kwanza iliyopo pale, mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg na mwingine wa Pegasus ya Waingereza, haihusiani na babu yako, lakini Pegasus ilizamishwa na Königsberg mbele ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na si kila siku mtu huona mpigaji na mpigwaji wamewekwa ua mmoja.